Mgonjwa wa Mazoezi

Shoga, acha unachofanya. Nimeua mtu, na mtu mwenyewe yuko hai.

Si unajua sisi wa masjala hapa hospitali tunafundishwa kuandika programu? Leo ilikuwa zamu ya objekti, yaani kitu kimoja chenye taarifa zake ndani ya programu, kama mgonjwa na hali yake. Mfumo wa mazoezi ukagoma, nikafungua ule halisi. Nikaandika jina jipya, mgonjwaMazoezi, ni sawa na rekodi ya mama mmoja aliyelazwa kitanda cha tisa. Nikadhani nimepata nakala. Nikaijaza "amefariki", nione tu kama itabadilika.

Ikabadilika. Mwalimu akainamia skrini yangu, akasema polepole, "Dada, hiyo si nakala. Umempa mgonjwa yuleyule jina la pili."

Yuleyule, shoga. Yuleyule.

Na mfumo ulishawatumia watoto wake ujumbe wa msiba.

Nimekimbilia wodini, nimechelewa. Wamekuja watatu, binti mkubwa kabeba gauni la kumzikia. Wamemkuta mama yao anakunywa chai, wakaangua kilio.

Nimeomba radhi mpaka sauti imekauka. Watoto wamenielewa. Mama hajaniamini. Kanishika mkono: "Mwanangu, madaktari wamekwambia nini ambacho mimi wamenificha?"

Gauni kalichukua. Kaliweka chini ya mto.