Kuku wa Mguu Wangu

Kaka Athumani,

Neno "mpendwa" nimelijaribu, mkono ukakataa kuliandika. Basi naanza na jina lako tu, utosheke nalo.

Salamu zako zimenifikia kwa mkono wa yule mtu wako wa reli. Aliketi barazani, akanywa kahawa, akanieleza kwamba kazi yako huko bara imekwisha, warudi Mombasa na mkeo, na chumba cha juu cha nyumba ya mama kiwe tayari. Kisha akaongeza neno ulilomtuma: "Mwambie dada, subira yavuta heri." Nilicheka hata kahawa yangu ikamwagika. Wewe, Athumani, wa kunipa mimi mawaidha ya subira?

Waikumbuka sakafu ile ya juu. Wanawake wa mtaa walipanda kutupigia, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaigonga chokaa mbichi na kuimba tangu asubuhi, nawe ukawapandishia maji na kuwatania. Siku hiyo nilikupenda, sitasema uongo. Mama alikuwa keshakufa, na wewe ndiwe niliyebaki nawe. Fundi alikwambia mbele yangu, "Nguzo hizi za kushikilia boriti usiziguse mpaka niseme mimi. Chokaa haiendi kwa haraka ya mtu." Lakini wakwe zako walikuwa waja kuleta jibu la posa, ukaona haya wakukute na chumba cha chini kimejaa magogo. Ukaziondoa asubuhi ya siku waliyokuja. Mimi nilikuwa humo chini nafagia, ili wakwe zako wakae mahali pasafi.

Uliponitoa chini ya kifusi ulikuwa walia. Nilikuhurumia wewe kuliko nilivyouhurumia mguu wangu. Mjinga mimi.

Akaja Bi Mwanakombo, muunga mifupa, na tambuu yake shavuni. Alinifunga mabanzi, kisha akataka kuku. Ulimshika wewe mwenyewe, mtetea mweupe, naye akamvunja mguu na kumfunga kama alivyonifunga mimi, maana ndivyo wafanyavyo wazee wetu: kuku akipona, mgonjwa naye yu njiani. Akatuonya sote wawili. "Akianza kutembea niiteni, nimtazame anavyokanyaga. Msifungue kitu."

Tangu hapo ukawa wamtazama kuku yule kuliko ulivyonitazama mimi. Siku alipoukatiza ua akichechemea, ukaja kitandani kwangu na kisu.

"Kuku ashakwenda, wewe wangoja nini? Wajidekeza tu."

Nikakwambia tumwite Bi Mwanakombo. Ukasema harusi yako haiwezi kumngoja kikongwe mtafuna tambuu, na ni nani atakayepokea wageni kama si dada wa bwana harusi. Ukakata kamba, ukaniinua. Nilisimama. Kisha nikausikia mfupa ukienda upande, nawe uliusikia, usiniambie hukuusikia.

Ukaoa mimi nimelala. Ukapanda gari la moshi na mkeo bila hata kuingia chumbani kuniaga. Bi Mwanakombo aliporudi kuuvuta mfupa upya alikutukana matusi ambayo sitayaandika, ingawa niliyafurahia kila moja.

Sasa nikwambie habari za subira, maana ndiyo uliyoitaja. Sikuwa nayo. Nilikuwa nikisikia adhana ya msikiti wa jirani nageukia ukutani. Sikusali. Nikamwambia yule bibi kwamba Mungu amenisahau. Hakunikemea. Alikuwa akinikanda kwa mafuta ya nazi, akasema, "Mimi kazi yangu kufunga tu, mwanangu. Kuunga si kwangu. Na anayeunga hakuonyeshi mkono wake." Nililichukia neno lile. Lakini nililala nalo, kwa kuwa sikuwa na jingine la kulala nalo. Masika yakaja, yakapita. Ikatokea asubuhi moja nikajikuta nasali, nimelala chali, naashiria kwa macho, wala siombi mguu. Nilikuwa naomba nisikuchukie. Hilo sijajibiwa bado, nami naendelea kungoja.

Leo naenda, alhamdulillahi, kwa mkongojo, na mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Kuku wako yu hai. Naye achechemea hadi leo, twapishana uani kama mawifi waliokosana. Watu huniuliza kwa nini simchinji, nami huwaambia yule ndiye niliyeugua naye.

Na sakafu nimeijenga upya. Wanawake walewale walikuja. Walinipandisha ngazi kwa kunishika kwapani, nikaketi katikati yao nikagonga na kuimba hadi viganja vikafanya malengelenge. Sijapata kulia kwa furaha ila siku hiyo, na wewe hukuwapo. Nguzo zi palepale chumba cha chini, zimesongamana, hapana hata pa kutandika mkeka. Sijaruhusu mtu kuzigusa.

Kwa hiyo usifunge mizigo. Kaa huko na mkeo, usome hiyo subira uliyoniletea, nami nitakuita chokaa ikikauka.

Fundi alikuja juzi. Alipanda, akaigonga kwa kidole, akashuka akaniambia, "Bibi, hii imekauka zamani."

Mimi nasema bado.

Ni mimi, nduguyo wa tumbo moja,
niliyebaki nyumbani kwa mama.