Pacha Aliyechomwa Mara Mbili

Kliniki, 4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo wako unaikubali cherehani bila ugomvi. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayoumwa.

Juzi alikuja mama na mapacha wake kuchanjwa kifaduro. Nguo sawa, kofia sawa, hata kulia wanapokezana. Nikamchoma wa kwanza pajani, mama akatoka naye kumfuata wa pili kwa dada yake aliyekaa benchi la nje. Katika kubembeleza, wakachanganya watoto. Akanirudishia yuleyule. Nikaona kidoa pajani, nikajiambia ni mbu, nikachoma.

Leo wamerudi. Mmoja ana homa, paja limevimba, hataki kuguswa. Mwenzake anacheka kama mtu asiyehusika. Wameshaondoka na dawa ya homa ndipo akili ikanirudi: paja lile lina vidoa viwili, na yule mcheshi hana hata kimoja. Nikamweleza daktari hapohapo. Anasema dozi ya ziada kwa kawaida huishia kwenye uvimbe na homa, ila mtoto aangaliwe kwa karibu, na mama aambiwe kesho asubuhi. Tena yule mwingine achanjwe upesi, maana kifaduro kimeshaingia mtaani kwao.

Mwenzangu wa chumba cha sindano ananionya: "Waache wa ofisini waende. Akikujua ni wewe, hatakuachia tena mtoto, na mtaa mzima utamfuata."

Niende mwenyewe?

Binti yako

*

Dukani, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo mzima, ila unapenda kusifiwa.

Umeuliza jambo ambalo jibu lake unalo tayari. Hiyo ni tabia ya mama yako. Huniuliza tule nini huku sufuria iko motoni.

Mimi nikikosea suruali, mteja anajiona kwenye kioo, siwezi kumficha. Wako hana kioo. Ukishindwa kwenda, niandikie, sitakusema. Ila mama yako hajala vizuri tangu barua ifike, na ananitazama kana kwamba ni mimi niliyeshika sindano.

Mtoto anaendeleaje?

Baba yako

*

Kliniki, 12 Machi

Baba,

Shikamoo, na mwambie mama ale. Barua yako imenikuta nimeshakwenda. Nilikwenda kesho yake baada ya kukuandikia, nikiwa na daktari.

Mama wa mapacha alikuwa anafua. Nikamwambia: "Mimi ndiye niliyemchoma mwanao mara mbili. Kosa ni langu, nilipaswa kuuliza jina kila mara." Daktari akaeleza dalili za kumrudisha mtoto haraka: degedege, kulegea, kilio kisichonyamaza. Mama akaendelea kukamua nguo. Halafu akasema, "Dada, nenda tu." Basi.

Nikawa napita jioni kumwona mtoto, naishia mlangoni. Homa ikashuka, uvimbe ukanywea. Lakini yule mwingine hakuletwa. Mtaani kwao tayari kuna mtoto anakohoa mpaka anabadilika rangi. Mwenzangu hakuniambia "si nilikwambia", ila aliupanga uso wake vizuri sana.

Jana mama akatokea. Mapacha sawa tena, kofia zilezile. Mwenzangu akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mama akamwambia, "Wewe hapana. Namtaka yule aliyekosea."

Mwenzangu akauliza kwa nini.

"Wewe ukikosea, nani ataniambia?"

Nikauliza jina. Nikalikuta paja halina doa. Nikachoma mara moja tu, baba.

Sasa kila mapacha wakija, tunamfunga wa kwanza utepe mguuni kabla hajatoka chumbani. Daktari amekubali.

Binti yako

*

Dukani, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako amekula, chakula chake na changu.

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti. Kila mteja aliyeingia baadaye nimemwanzia upya, hata aliyekuja kuuliza njia tu. Mmoja akasema, "Fundi, unajisifia mwanao kukosea?" Nikamwambia ndiyo, na suruali yake itachelewa.

Kwenye bahasha kuna utepe niliokata mwenyewe, mwekundu, kingo zimepindwa zisimkwaruze mtoto. Nimeshona mwingi. Mapacha hawaishi.

Baba wa muuguzi

(hivyo ndivyo wanavyoniita hapa sasa, nimewazoesha mwenyewe)