Nusu Niliyomwachia Hemedi

Ijumaa, Mchinga. Mawingu yamelala chini, mvua haiji, joto la kuchemsha ubongo.

Hapa mtaani wote wanaisimulia vibaya. Eti sauti ilitoka kaburini. Kaburini kwa mdomo upi, mtu kazibwa pamba? Ilitoka uani. Nilikuwepo mimi, na masikio yangu, alhamdulillahi, yanasikia panya akipiga miayo Lindi mjini. Shule sikukanyaga, simu hii naisemesha inaandika yenyewe, lakini kwa kusimulia hawaniwezi.

Kuna maneno hayatembei peke yake. Giza, totoro. Kulala, fofofo. Kimya, jii. Ushamwona Totoro kaenda sokoni peke yake kununua dagaa? Hemedi na mimi tulikuwa watani tangu enzi za babu zetu, na huo ndio ulikuwa mchezo wetu tukikung'uta ufuta: mimi natupa kichwa, yeye anarudisha mkia. Hakuwahi kushindwa. Hata homa ilipomwangusha nilisimama mlangoni nikasema "Kulala", akajibu "fofofo" huku anatetemeka.

Akafa.

Mtani msibani ana kazi yake: wafiwa wacheke. Siku ya kuanua matanga nikavaa kofia ya marehemu, nikaburuta mguu kama yeye, nikapita mbele ya akina mama mkekani. Mjane wake, Bi Somoe, tangu mazishi alikuwa hajatia kitu mdomoni ila maji. Nilitaka acheke yeye. Nikapaza sauti: "Kimya!"

Uani ikajibu: "Jii."

Taratibu, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni.

Na kweli pakawa jii. Nikaenda kuchungulia. Uani hapana mtu. Masufuria, kuku mmoja kasimama mguu juu hashushi, na mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani.

Bi Zainabu, dada wa mjane, akanivuta shati. "We mzee, mtani anamcheka maiti, hamwiti. Umemwachia mwenzio nusu ya neno. Atalalaje na nusu?"

"Basi nikampelekee nzima?"

"Nenda, na ukae hukohuko."

Nikacheka. Peke yangu.

Lakini Bi Somoe aliinua uso, akaomba uji. Akanywa bakuli zima, akajifuta mdomo, akasema: "Shemeji, rudia."

Nikasema naikimbilia adhana. Hapakuwa na adhana.

Sasa yuko eda, hatoki. Zainabu anasema uji unapoa mpaka unashika ngozi, mwenyewe kageukia ukutani, hali mpaka asikie tena lile jii. Kanga inamteleza mabegani kwa kukonda. Kila nikipita dirishani sauti ya mjane inanifuata: "Shemeji, umekuja kusema au umekuja kupita?" Nami, niliyemtoa chatu bandani kwa mkono wa kushoto, napita nimeinamisha kichwa.

Naogopa. Haya, nimesema.

Naogopa nikiita ajibu. Na naogopa nikiita asijibu, yule mama afe na njaa.

Leo alasiri nikasimama chini ya dirisha. Nikasema: "Kimya."

Nikangoja. Hata nzi hakuruka.

"Jii." Na kikohozi.

Ndani nikasikia kijiko kinagonga bakuli, na Zainabu anasema alhamdulillahi.

Sasa nikiri moja, maana simu haina macho ya kunikodolea. Hiyo ya leo nimetia chumvi. Leo hakujibu mtu. Nilingoja mpaka ulimi ukakauka, ndipo nikajibu mwenyewe kwa sauti yake, na kikohozi nikakitia, mjane wa watu apate kula.

Ile ya matanga si mimi.

Kesho nikipita nitangoja tena kidogo kabla sijajibu. Ila nitakuwa namngoja nani?