Ulimfundisha Moraa Shamba Bila Sauti

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Kikisii changu cha kuandika ni aibu tupu. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike Birongo. Mimi bado niko Keroka, nyumba ile ile, kazi ile ile ya kugonga mihuri ofisini. Moraa wangu ameanza chekechea.

Wiki iliyopita mwalimu wake alitutumia karatasi wazazi: mfundisheni mtoto mambo ya shamba nyumbani. Atenganishe mbegu kwa rangi. Apande mahindi kwenye mkebe. Aige sauti za wanyama. Niliisoma nikataka kuirarua. Mama wee! Si hayo ndiyo uliyokuwa ukiyafanya kwenye veranda yangu, bila karatasi ya mtu? Ulileta maharagwe kutoka nyumbani, mekundu na meusi, ukayachanganya kwenye ungo ili mjukuu wako ayachambue. Ulimfunga kikapu mgongoni ukamwonyesha kuchuma chai, majani mawili na chipukizi, akalichuma ua langu la kwenye chungu hadi likaisha. Ulicheka hadi ukaketi chini. Mimi nikanuna siku nzima. Kwa sababu ya ua, Mama!

Basi nikamwaga maharagwe mezani. Moraa akayachambua upesi, vizuri, bila neno. Nikamuuliza, ng'ombe hulia vipi? Akaweka kidole juu ya midomo. Na kuku je? Kidole tena. Nikadhani ni ukaidi, nikamfokea.

Unakumbuka nilichokuambia. Nilisema mtoto asisikie Kikisii humu ndani, kitamrudisha nyuma shuleni, na hicho Kiswahili chako cha sokoni nacho kitamharibu. Mimi, niliyelelewa kwa Kikisii hichohicho mpaka nikaipata hiyo ofisi! Ulijibu tu, "Sawa, mwanangu." Kwa nini hukunitukana? Ungenizaba kofi ningeelewa. Badala yake ulitii. Nikirudi jioni nawakuta mmeinamia mkebe, wewe unaonyesha kwa kidole, yeye anafukia mbegu, na hakuna anayesema kitu. Nilifurahi. Nilidhani nyumba yangu imeshika adabu.

Halafu siku ile nikarudi mapema. Nikawakuta mnaita kuku wasiokuwepo, wewe unaimba kwa Kikisii, Moraa anarusha mahindi sakafuni na kupiga kelele za furaha ambazo sijazisikia tena tangu hapo. Nikakuambia ufunge mizigo yako. Nilikuambia mbele yake. Wiki mbili baadaye presha ikakuangusha kule Birongo, katikati ya shamba lako la chai, na kaburini nililia kuliko wote. Watu wakasema, huyu alimpenda mamake. Wangejua!

Jumapili nilimpeleka Moraa Birongo. Chai yako imerefuka, hakuna aliyeigusa vizuri, lakini mtoto aliingia kwenye mstari kama mwenye shamba akaanza kuchuma, mawili na chipukizi. Nikamwomba kwa Kikisii changu kibovu anitajie anachochuma. Akatazama nyuma kwanza. Kisha akanivuta niiname, akaninong'oneza, "Tusiongee. Mimi na Magokoro tuliongea, ukamfukuza, akafa."

Bado anakuita Magokoro, kwa Kikisii. Nilimlazimisha aseme nyanya, akakataa.

Ana miaka mitatu tu, Mama, na amebeba kifo chako peke yake muda wote huu, huku mimi nikipokea pole za watu. Nilipiga magoti palepale kwenye tope na nguo yangu nzuri. Nikamwambia hakukosa kitu, wala wewe hukukosa, mwenye kosa ni mimi. Nilirudia na kurudia. Sijui kama aliamini. Alinifuta uso kwa kiganja chenye utomvu wa chai, akaendelea kuchuma.

Lala, Mama. Leo sikuombi msamaha, maana ningekuwa naomba ili nipate usingizi. Nakuahidi jambo moja. Nitamwambia Moraa kila mara, kwa Kikisii, hata nikikosea, kwamba ni mimi niliyekufukuza. Nitamwambia akiwa mdogo na nitamwambia akiwa mkubwa, atakapokuwa na akili ya kunichukia kwa hilo. Na anichukie. Afadhali hivyo kuliko mtoto aogope sauti yake mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Kerubo