Wimbo wa Mtumbwi Uliozama

Garsen, Alhamisi, 1956

Kosa ni langu. Waimbaji wa Mombasa walipokuja kukusanya nyimbo za marehemu baba, ili wamuenzi kwa santuri, niliwaimbia zote. Hata ule wa kumkejeli Mzee Komora, aliyechonga mtumbwi ukazama siku ya kwanza. Baba na Komora walipopatana, waliapa wimbo ule usiimbwe tena. Nami nikaolewa na mwana wa Komora.

Leo sahani za santuri zimefika. Dukani kwa Abdi, mwenye gramafoni, watu walijaa, na baba mkwe alikaa mbele kabisa. Mimi nilisimama mlangoni nikiomba spiringi ya gramafoni ikatike.

Haikukatika. Wimbo ulipoanza watu wote walimtazama baba mkwe, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Ulipokwisha akaniita. "Nani aliwapa huu?"

"Ni mimi, baba."



"Ubeti wa kiboko anayeucheka mtumbwi wangu wameuacha," akasema. "Ndio ulioniuma hasa. Uimbe."

Nikauimba. Akainuka, akatoka bila kuaga. Nilimfuata nyuma njia nzima bila kujua kama amenisamehe, mpaka karibu na nyumbani, nilipomsikia naye anauimba.