Kipandauso cha Mama na Maneno Yako Kwenye Grupu

Masama,
12 Agosti 2025.

Mpendwa dada Aikande,

Shikamoo, ingawa hustahili. Ukiuondoa mlima wenyewe, hapa Masama hakuna kinachotazamwa kwa heshima kuliko mimi. Wazee wa kanisa wananipisha njia, na siku nikipika mtori, majirani wanakumbuka ghafla kwamba wana jambo la kuja kuulizia.

Huko Songea hamjambo? Shemeji Leodegar bado anakuvumilia? Mimi mzima. Mama si mzima, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu, maana umenitoa kwenye grupu la ukoo mbele ya mashangazi wote.

Uliandika kwamba mama anaumwa kichwa kwa sababu namkatisha majani ya ng'ombe. Dada, tangu atolewe kizazi mwezi wa tano, mama hajagusa panga. Majani nakata mimi, maji nachemsha mimi, nguo zake nafua mimi, hata zile ambazo mtoto wa kiume hafui. Wewe ulileta nini? Picha ya maua kwenye simu, imeandikwa ugua pole.

Basi nikuelimishe, mimi niliyeishia kidato cha pili. Walipotoa kizazi walitoa na vifuko vya mayai, mwili ukawaka. Ibadani alikuwa anajipepea na kitabu cha nyimbo mpaka mchungaji akapotea kwenye mahubiri. Ndipo daktari wa Moshi mjini akampa vidonge vya homoni. Joto likaisha. Wiki ya pili kikaja kipandauso: upande mmoja wa kichwa, vimulimuli machoni, kutapika, hataki mwanga, hataki hata jogoo awike. Wewe wakati huo ulikuwa unawashauri mashangazi namna ya kunifukuza.

Jana nilishuka mjini peke yangu. Daktari amesimamisha vile vidonge. Anasema kwa kichwa cha aina hiyo mama angeweza hata kupata kiharusi. Anamtaka Alhamisi ya tarehe 21 ampangie tiba nyingine, na safari hii aingie na mwanamke. Mwanamke huyo ni wewe. Usilete hadithi za kazi. Songea haitaanguka.

Msalimie shemeji, na Kindness mwambie mjomba wake bado ndiye mwanaume mzuri kuliko wote atakaowaona. Mungu akulinde njiani, aanze na mdomo wako.

Halafu kuna hili. Siku ile ya kwanza kwa daktari niliingia na mama mimi, kwa kuwa hukuja. Maswali yakaanzia kwenye damu na kizazi, mama akainamisha uso, hawezi kuyasema mbele ya mwanawe. Daktari akauliza kama aliwahi kuumwa kichwa cha kuona vimulimuli. Nikajibu mimi: "Huyu ni chuma, daktari. Kuumwa kichwa hakujui." Daktari akacheka, akaandika vile vidonge. Na mimi nilikuwa nakumbuka kila msimu wa kahawa, mama amelala chumba cha ndani, kanga kaifunga kichwani, wewe ukitunyamazisha watoto wote.

Jani lililo kwenye bahasha ni isale, nimelikata mpakani mwa shamba la babu. Unajua aliyeletewa hilo hakatai kusamehe. La mama lipo hapa, sijampa. Nataka siku nikimwambia kwamba nilikumbuka, uwe umekaa karibu yake.

Mdogo wako akupendaye hata nje ya grupu,
Ezra