Mchaichai wa Wageni

Kamuli, Kyerwa

Wifi Anonciata,

Huko Mwanza hujambo? Sisi ni wazima, na migomba imezaa.

Uliniomba nikumwagilie bustani yako ya viungo mpaka urudi, nami nimemwagilia. Rozimari imefika kiunoni. Giligilani niliing'oa, inanuka kama kunguni. Kilichotufaa ni mchaichai. Jumamosi niliufyeka wote nikachemshia kahawa ya kutafuna, maana unajua kwetu mgeni wa heshima hapokelewi bila kahawa yenye majani ya harufu. Walitafuna mpaka wakaomba ya kufungasha. Una mkono wa kupanda, sikunyimi sifa.

Wageni wenyewe walitoka Nyaishozi, wamemleta mwenzako. Kaka alisema amechoka kuwa mume wa kwenye simu. Usihangaike kumpigia, ameshabadilisha namba.

Aliyepitisha kikapu cha kahawa ni binti yako, Agnetha. Alimpigia magoti kila mgeni, na alipofika kwa bibi harusi akasema, "Shikamoo, mama." Hakuna aliyemfundisha.

Alivaa lile gauni ulilomtumia. Limemkaa vizuri sana.

Ni mimi wifi yako,
Benadeta